Shomoro wa Saa Nne

3 Februari

Kijiti mwanangu,

Nakusalimu kwa utaratibu niliokufundisha, watu kwanza, mambo baadaye. Mkeo hajambo? Na mwanao Kengele je, bado anapiga kelele hata akiwa amelala? Mwambie bibi yake anamuulizia. Huku tupo. Dobi wa chini bado anapiga pasi huku akiimba, na bado hajui kuimba. Mama Pacha wa mlango wa pili amepata kazi ya usafi shuleni, na kila jioni hunipitia na mkate. Mimi mzima. Cherehani nimeipumzisha kidogo, macho yameomba likizo.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya Dobi, na ukizungumza kwenye simu ya Dobi mtaa mzima unakujibu. Tena wewe kwenye simu una haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Barua utaisoma ukiwa umekaa.

Sasa jambo lenyewe. Juu ya dirisha langu la uani kuna lile tundu la hewa ambalo tofali lake lilimeguka zamani. Humo wamehamia ndege wawili bila kuniomba ruhusa mimi wala mwenye nyumba. Wadogo, mmoja anaenea kiganjani. Wa kwanza amevaa vizuri: utosi wa kijivu, nyuma ya macho hudhurungi iliyoiva, na hapa kooni ana doa jeusi kama kola iliyokatwa na fundi mwenye haraka. Mwenzake hana makuu, ni kahawia iliyofifia kama kaptula ya shule iliyofuliwa mpaka ikachoka. Dobi anasema ni chiriku. Mama Pacha anasema ni mnana. Nimewaambia wanyamaze wote wawili, nina mwanangu anafanya kazi kwenye ghala la nafaka, na penye nafaka hapakosi ndege.

Basi usiniaibishe. Ni akina nani hawa, na wanataka nini kwangu?

Aliyekufungia vifungo vya shati mpaka ukajua mwenyewe,
Shangazi


21 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimekaa, kama ulivyoagiza, juu ya gunia la mahindi. Huku hatujambo. Mke wangu anakuamkia. Kengele amevunja kikombe, akakana, kisha akalia kabla hajaulizwa mara ya pili, kwa hiyo tumejua hatakuwa mwizi.

Nianze na samahani. Najua ni muda mrefu. Mwaka jana gari la kazi lilipita huko kwenu, nilikuja mpaka mlangoni, nikagonga, kimya. Hata cherehani haikusikika, nikajua umetoka. Gari lilikuwa linasubiri. Nilisema nitarudi siku nyingine, na siku nyingine ndizo hizi zinazokwenda.

Kuhusu wageni wako, waambie Dobi na Mama Pacha wamekosa wote, ila Mama Pacha amekosa kidogo. Hao ni shomoro. Mnana jike kweli anafanana na shomoro jike, lakini mnana hufuma kiota chake kikaning'inia kwenye tawi, na shomoro hana ufundi huo. Yeye hutafuta tundu kwenye nyumba ya mtu na kulijaza takataka. Mwenye kola nyeusi ndiye dume. Jike utamjua kwa mstari mweupemweupe unaoanzia jichoni kwenda nyuma. Tazama mdomo wao, mfupi, mnene, wa kuvunjia punje. Na chini hatembei, anarukaruka kwa miguu miwili pamoja. Ukiyaona hayo, huna haja ya kuuliza mtu.

Hapa kwetu wamejaa. Wanakaa kwenye matundu ya ukuta wa ghala, wanachafua magunia, na Meneja amenikabidhi mimi suala lao. Kwa kuwa wako unawaona kwa karibu, niangalizie kitu kimoja: kuna saa wanapotoka wote, tundu likabaki tupu? Mimi huku siwezi kujua, wako juu sana na ghala lina kelele.

Cherehani isipumzike sana, itapata kutu.

Mwanao,
Kijiti


15 Machi

Kijiti,

Mkeo nimeipokea shikamoo yake, marahaba. Kengele mwambie kikombe kimesamehewa. Dobi hajafurahi kuambiwa amekosa, anasema chiriku wa kwao walikuwa hivyohivyo. Mama Pacha yeye ameshika hilo neno "amekosa kidogo" na sasa anatembea kama mwalimu mkuu.

Nimefurahi sana kusikia umekabidhiwa ndege. Nilijua huyo Meneja ana akili. Ulipokuwa mdogo ulimlilia jogoo aliyechinjwa mpaka homa ikakushika, mtu kama wewe ndiye wa kukabidhiwa.

Sasa sikiliza kazi uliyonipa. Dume nimemwita Karani, kwa ile kola yake na kwa kujiona. Jike ni Bibi. Alfajiri, kabla Dobi hajawasha pasi, Karani anatoka mdomoni mwa tundu na kusema neno lake moja, chip, chip, chip, kama mtu anayehesabu vifungo. Dume mwingine akija, Karani anainua kifua ile kola ionekane yote, na mwenye kola ndogo anaondoka bila ugomvi. Vita vyao vinaishia kwenye nguo, laiti na binadamu tungekuwa hivyo. Adhuhuri wanaoga vumbi kule chini kwenye ua, wanachimba kishimo kila mtu na chake na kujirushia mchanga mpaka unadhani wana wazimu. Jioni wanarudi na vitu. Karani ameleta manyoya, uzi wa Dobi, na kona ya bahasha ambayo naamini ni ya barua yako, kwa hiyo na wewe umo humo ndani.

Na saa uliyoiuliza ni saa nne asubuhi. Saa nne tundu liko kimya kabisa. Nimetazama siku nyingi, nimetega sikio, hakuna kitu. Wanakuwa wametoka wote. Andika hivyo, ni kauli ya shangazi yako.

Jambo moja linanikera. Mwenye nyumba amepita akatazama juu, akasema tundu lile linatia doa ukuta na atamleta fundi alizibe. Nilimjibu kutoka dirishani kuwa kodi yangu nalipa. Akasema ndege hawalipi. Wewe mtu wa ndege, niambie nimjibu nini.

Mengine tukijaliwa kuonana. Miguu ni ileile.

Shangazi


1 Aprili

Kijiti mwanangu,

Najua hata hujajibu ile iliyopita, na najua nyumbani kwako wote wazima maana habari mbaya haingojei posta. Huku salama. Mama Pacha ana mafua. Naandika haraka kwa sababu nilikupa kauli, na kauli ile ina kasoro.

Saa nne tundu si tupu.

Nimegundua hivi. Bibi alianza kuonekana kwa nadra, nikadhani wamegombana. Kumbe alikuwa ameatamia, ndani ya kimya kilekile nilichokuandikia kuwa hakuna kitu. Na sasa makinda yameanguliwa, na kimya ni kilekile, Kijiti! Nimegonga ukuta kwa fimbo chini ya tundu, saa nne, hakuna hata pumzi. Dakika hiyohiyo Karani akatua na kiwavi mdomoni, akasema chip moja tu, na humo ndani pakalipuka kelele kama darasa mwalimu alipotoka. Akawalisha, akaondoka, kelele ikakatika kama uzi. Baadaye paka wa Dobi alipanda ukuta, Bibi akapiga ukelele kutoka kwenye waya wa nguo, na makinda yakaganda. Unaona? Wanafundishwa kunyamaza. Wanamnyamazia kila mtu isipokuwa yule ambaye wameizoea sauti yake.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, tulisema hivyo tangu zamani na mimi mtu mzima nikasahau.

Kwa hiyo ukiwa na mpango wowote na hao ndege wako, usiamini sikio. Kaa chini, tazama nani anaingia na kitu mdomoni. Akiingia na unyoya, anajenga. Akiingia na kiwavi, ana watoto. Nimeona aibu kukuandikia kwa kujiamini vile. Nijibu upesi nijue umeipata.

Shangazi


6 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wote wazima, ila mimi nina mafua kidogo. Barua yako ya mwezi uliopita ilinifikia vizuri, asante sana. Kwa Karani nimecheka. Kengele amemchora na kumvalisha kofia.

Maelezo yako yamenisaidia kazini kuliko unavyojua. Ile kazi nimeimaliza, saa nne, kama ulivyosema. Meneja amenishika mkono mbele ya wapagazi wote. Kwa siku mbili tatu kulikuwa na zogo kidogo, sasa kumetulia.

Kuhusu mwenye nyumba, mwambie asubiri mpaka msimu uishe. Mimi si mtu wa kumshauri.

Nina haraka, malori yameingia. Mwezi wa sita labda nitapata likizo nije.

Kijiti


3 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za mke wangu na za mtoto zimo humu, lakini leo uniruhusu niwapite watu niende kwenye mambo.

Barua yako ya tarehe mosi imenifikia juzi juzi tu, imepigwa mihuri mingi na kona moja imelowa. Tarehe uliyoiandika mimi nilikuwa naagiza saruji. Kesho yake nilipanda ngazi.

Sikukwambia kazi yangu, ukadhani nahesabu magunia. Mimi ndiye ninayeua, Shangazi. Panya, fukusi, mende, chochote kinachoingia ghalani. Nilikuacha uamini vingine kwa sababu ya yule jogoo. Nilijua utaniuliza. Meneja alitaka shomoro waondoke, na mimi nikaona, la, hawa sitawatilia sumu, nitaziba matundu wakiwa nje wote, wataruka kwingine. Nilijiona mtu mwema kabisa. Nikakutumia wewe unitafutie saa.

Saa nne nilipanda. Kila tundu niliweka sikio. Sikusikia kitu, nikajua ni tupu. Matundu ya juu niliyapiga lipu, ya chini saruji haikutosha nikayawekea wavu wa waya. Wapagazi walinisaidia kushika ngazi, tukawa tunataniana.

Jioni ndege walirudi na vitu midomoni. Nilisema ni majani ya kujengea. Nikiwa chini ukutani nilisikia vilio ndani, nikasema ni nje. Mzee wa lango akaniuliza, "Fundi, huko ndani hujaacha kitu?" Nikamwambia, "Mzee, hao wanalalamika tu, watazoea." Siku ya tatu kelele ikaisha upande wa juu. Kesho yake nikakuandikia kuwa kumetulia. Nilikuwa najua, Shangazi. Sikujua kama ulivyojua wewe, kwa kutazama, lakini mtu huwa anajua. Na bado niliandika.

Nilipoisoma barua yako nilichukua tindo nikapanda peke yangu, wenzangu wakiwa wanakula. Tundu la kwanza la lipu, makinda manne, makavu, midomo imefunguka yote kuelekea mlangoni. La pili hivyohivyo. Sikufungua la tatu. Nilishuka nikaenda yale ya wavu, na hapo ndipo nilipokaa chini ya ngazi nikalia mbele ya watu. Kwenye wavu mmoja kulikuwa na kinda limejaa manyoya tayari, ndege mzima, limebanwa na waya. Baba yake alikuwa amening'inia upande wa nje, anampitishia kiwavi kwenye matundu ya waya. Muda wote ule, Shangazi. Kola yake ilikuwa imechakaa kwa kujisugua. Sisi tunapita chini tunapakia magunia, na yeye yupo pale anafanya kazi yake.

Nyavu nimezing'oa zote. Meneja amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu nizirudishe, au niondoke mimi. Sitazirudisha. Mke wangu bado sijamwambia. Maji yamemwagika, na lililopinda nitalinyoosha vipi sijui. Usiku nikijaribu kulala naiona ile midomo.

Kuna jambo jingine. Nimezisoma barua zako zote tena, kwa mfululizo. Unamwona Karani alfajiri. Unamwona saa nne, unamwona adhuhuri, unamwona jioni, siku zote, kutoka dirisha moja. Wewe uliyekuwa huketi hata ukiwekewa kiti! Mwenye nyumba unamjibu kutoka dirishani badala ya kumshukia. Mkate unaletewa. Unagonga ukuta kwa fimbo. Fimbo ya nini, Shangazi? Na cherehani inapumzika tangu lini?

Nijibu ukweli. Mimi nimekupa wangu wote.

Kijiti


24 Mei

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezikuta zimefichwa pembeni, nimezitoa na kuzipokea. Mama Pacha amepona. Dobi amemuunguzia mteja shati, na kosa ni langu, utaona.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu wa cherehani. Nilikaa nayo wiki nzima bila kujibu, kwa hasira. Kwanza nilikukasirikia wewe, maana nilikupa Karani wangu na wewe ukampeleka kwa wauaji. Halafu nikajikasirikia mwenyewe. Ile saa nne ni yangu. Niliitoa kwa mbwembwe, "kauli ya shangazi yako", kama hakimu. Hao wote wenye midomo wazi tunagawana, mwanangu. Usijibebeshe peke yako, na mimi usinipunguzie.

Umeuliza fimbo. Mficha maradhi kilio humfichua, basi kabla ya kilio ngoja niseme. Mwaka jana nilianguka kutoka kwenye kigoda nikitundika pazia, nyonga ikapasuka. Imeunga, lakini imeunga vibaya. Natembea kwa kushika ukuta na fimbo. Cherehani inataka miguu, na yangu haikanyagi tena, kwa hiyo imefunikwa shuka. Nilipokuandikia macho yameomba likizo nilikudanganya. Macho yangu yanaona mpaka mstari wa jicho la shomoro jike.

Na siku ile ulipokuja na gari la kazi, nilikuwepo.

Nilikuwa kitandani, nyonga bado mbichi. Ulivyogonga nilikujua, hakuna mwingine anagonga kwa vifundo viwili. Nikaanza safari. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua za mtoto, lakini siku ile ilikuwa safari. Nilifika kwenye cherehani, nikaishika nipumzike, na hapo nikasikia viatu vyako vinashuka. Ningeweza kuita. Sauti ninayo, Dobi ni shahidi. Sikuita. Nilijisemea, akinitaka atagonga tena. Kisha nikakusikia kule chini unapiga mluzi.

Mtu aliyemkosa shangazi yake hapigi mluzi, Kijiti. Ulifurahi kwamba sipo. Nimeukalia mluzi ule tangu siku ile, na kila barua niliyokuandikia nimeuandika na kuufuta. Sikutaka kukwambia kabisa. Lakini uliponiandikia "sikusikia kitu, nikajua ni tupu", kalamu imenishinda. Na langu nalisema pia: nilikaa kimya kwa kiburi, nikakuadhibu na wewe huna habari. Mtoto akikosea huitwa. Sikukuita.

Sasa la shati. Fundi wa mwenye nyumba alikuja wiki iliyopita na ngazi na ndoo ya saruji. Nilimwona kutoka dirishani, nikampigia kelele, "Wewe, humo mna watu!" Akaweka sikio kwenye tundu, kwa adabu kabisa, akasema, "Bibi, nimesikiliza, hamna kitu." Saa ilikuwa nne. Akachota saruji.

Ngazi za nyumba hii sikuwa nimezishuka tangu nianguke. Nilizishuka kwa makalio, daraja moja baada ya jingine, fimbo mapajani, khanga imepanda magotini, mtu mzima mimi. Dobi alipotoka na kuniona nateremka hivyo alishika kichwa, akaiacha pasi juu ya shati la mtu. Nilifika uani nikiwa na vumbi kuliko shomoro, nikaishika ile ngazi ya fundi kwa mikono miwili nikamwambia, "Ngoja."

"Ningoje nini, bibi?"

"Ngoja tu. Ukiona haraka, kaa."

Tukangoja. Dobi anangoja, Mama Pacha katoka na ufagio anangoja, fundi juu ya ngazi na mwiko wake anangoja, anatutazama kama wagonjwa. Tundu kimya. Nilianza kuogopa kuwa makinda ya kwanza yamekwisha ruka na hawajazaa tena, nimejidhalilisha bure. Ndipo Karani akaja. Akatua kwenye waya wa nguo, kiwavi wa kijani mdomoni, akatutazama sote na kutuona si kitu, akapita sikioni mwa fundi na kusema chip yake moja.

Fundi alishtuka nusura aanguke. Kelele ile! Akaweka mwiko kwenye ndoo, akashuka, akakaa kwenye daraja la chini la ngazi yake na kusema, "Lakini nilisikiliza." Alikuwa na uso wa mtu aliyekoswa na gari. Nilimwonea huruma, nikakuona wewe. Saruji ikamgandia ndooni. Mwenye nyumba ameipiga teke ndoo hiyo, na mimi nimemwambia mpaka makinda yatoke, akitaka anitoe mimi kwanza, na kunitoa ni kazi maana sina miguu.

Dobi na fundi walinibeba kunirudisha juu. Tangu siku hiyo Dobi ananiteremsha uani kila jioni, nakaa kwenye kiti natazama wanavyooga vumbi.

Kuhusu kazi yako. Usizirudishe nyavu. Mwambie mkeo leo, usimfanyie kama tulivyofanyiana sisi. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, ila mara hii zizi nalo limevunjika guu, kwa hiyo tutasaidiana. Mimi mikono ninayo na nguo za watu zinaulizwa kila siku. Cherehani ni nzima. Inataka miguu tu, na wewe una miwili, tena mirefu, ndiyo iliyokupa jina.

Yule baba wa kwenye waya, aliruka na mwanawe? Hukuniambia. Usiniandikie hilo, njoo uniambie.

Na ukija, Kijiti, utapanda ngazi, utagonga, na utakuta kimya. Usiende. Nitakuwa njiani.

Shangazi